Mwalimu, baiskeli usiiuze: jibu kuhusu shingo inayouma ukirudi barabarani na miaka 61

Shikamoo mwalimu. Swali lako nimelisoma lote na nakujibu kwa urefu manake wapo wengi wa rika lako wanaoniuliza hilohilo. Kwa wasioliona, mwalimu anasema hivi kwa kifupi: ana miaka 61, kastaafu, yuko Tanga, baiskeli aliipanda tangu ujana akaja kuiacha miaka mingi alipopata gari, sasa kanunua ya mtumba, ya resi, zile zenye usukani uliojikunja kwenda chini, asubuhi anapiga mpaka Pongwe na kurudi. Ikifika kama dakika ya ishirini shingo inaanza kuwaka kwa nyuma, zaidi upande wa kulia, mabega yanakaza, usiku akijigeuza kitandani anaamka kwa maumivu, na vidole viwili vya mwisho vya mikono yote vinakufa ganzi. Kapiga eksirei, kaambiwa pingili za shingo zimesagika na kuna vijimfupa vimeota, kapewa kola ya shingo na diclofenac (dawa ya maumivu), na kuhusu baiskeli kaambiwa basi tena. Presha anayo na anakunywa dawa zake kila siku. Anauliza, ni kweli ndo mwisho?

Hapana mwalimu, sio mwisho, na kwa maelezo yako sioni hata dalili ya mwisho. Nianze na hiyo eksirei maana naona ndo iliyokutisha kuliko shingo yenyewe. Shingo ina pingili saba, katikati ya pingili na pingili kuna diski (isipokuwa zile mbili za juu kabisa), na kwa nyuma zinashikana kwa viungio vidogo kulia na kushoto. Mtu akivuka hamsini hizo diski zinapungua maji na kimo, viungio vinachakaa kiasi, mfupa unaota pembeni. Hayo ni ya umri. Chukua wazee wa rika lako ambao shingo haijawahi kuwasumbua, wapige picha, wengi wao utawakuta na hayohayo uliyoandikiwa wewe. Kwa hiyo picha imeonyesha umri wa mifupa yako, haijaonyesha maumivu yanatoka wapi. Maumivu yanatoka wapi umeniambia mwenyewe: yanaanza dakika ya ishirini, ukishuka yanapoa, siku usiyoendesha unakuwa afadhali. Maumivu yenye saa yake namna hiyo mara nyingi sana ni ya mkao, na mkao unarekebishika.

Sasa mkao wenyewe ukoje. Kichwa cha mtu mzima kina kilo nne na nusu mpaka tano, ongeza na helmeti. Ukiwa umesimama wima hicho kichwa kimekaa juu ya shingo na misuli haifanyi kazi kubwa. Ukiinama kwenye baiskeli ya resi kifua kinatazama lami ila macho lazima yatazame mbele, kwa hiyo shingo inakunjwa kwenda nyuma na inakaa hivyohivyo njia nzima, misuli ya kisogoni na ya juu ya mabega imebeba mzigo bila hata sekunde ya kupumzika, na vile viungio vidogo vya nyuma vinabanana. Fanya jaribio hili sasa hivi hapo ulipokaa. Jikunje mgongo kama mtu anayesahihisha madaftari, halafu tazama ukuta ulio mbele yako, utaona kidevu kimelazimika kupanda na kisogo kimekaza. Haya, bila kubadilisha unachokitazama, inua kifua, nyoosha mgongo wa juu taratibu. Kidevu kimeshuka chenyewe, umeona? Shida yako iko hapo. Mgongo wa juu, ule ulio kati ya mabega, ukiwa mgumu shingo ndo inalipa deni, na wewe umekaa miaka zaidi ya thelathini ukiinamia meza, mgongo huo lazima uwe umekakamaa. Ulipokuwa kijana ulikuwa unanyooka, shingo ikawa inafanya kazi kidogo tu, ndo maana baiskeli haikukusumbua.

Na hili la upande wa kulia wala sio ajabu. Sisi tunapita kushoto mwa barabara, magari yanakuja nyuma yako kulia, kila ukisikia lori unageuza kichwa kulia ukiwa bado umekikunja nyuma. Shingo iliyokunjwa nyuma ikigeuzwa kulia inabana viungio vya kulia haswa, na kwenye barabara ile yenye malori na bodaboda unageuka mara ngapi asubuhi moja? Kwa hiyo kitu cha kwanza kabisa kununua kabla ya dawa yoyote ni kioo cha pembeni, ukifunge kulia kwenye usukani. Cha bei rahisi kinatosha, ilimradi hakitikisiki mpaka usione kitu. Bado utageuka kuhakikisha kabla hujakatisha barabara, ila zile mara nyingi za wasiwasi tu zitaisha. Na unapogeuka, shusha kidevu kwanza ndo ugeuze, usigeuze kichwa kikiwa juu.

Hukusema kama unavaa miwani lakini kwa umri wako nahisi unavaa. Kama ni ile ya lenzi moja yenye mbali juu na karibu chini, hiyo inachangia sana. Ukiinama unatazama mbele kwa kupitia ukingo wa juu wa fremu, na ikishateleza puani kwa jasho ndo unaanza kutazama juu ya fremu kabisa, kwa hiyo unainua kidevu zaidi ili macho yaipate lenzi, na hujui hata kama unafanya hivyo. Funga kamba ya miwani nyuma ya kichwa isishuke, na ukiweza tengeneza miwani ya kuona mbali tu, fremu yake ndefu kwenda juu, iwe ya baiskeli. Kofia nayo ni vilevile: helmeti iliyokaa chini kwenye paji la uso au kepi yenye ukingo mrefu inaziba macho kwa juu, na mtu anainua kichwa ili aone barabara. Helmeti ivae, ila ukingo wake wa mbele kama unatoka utoe.

Tuje kwenye baiskeli yenyewe, hapa ndo kwenye kazi kubwa, na hapa usiwe na haraka.

Anza na siti. Kaa, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unyooke bila nyonga kuinama upande, hicho ndo kimo cha kuanzia. Halafu iwe sawasawa, isiinamie mbele. Wengi wanaishusha pua ya siti kwa sababu zao, matokeo yake unateleza mbele njia nzima na mikono ndo inakusukuma kurudi, mabega yanapanda masikioni, na hapo shingo haina pa kupumzikia. Siti ni lazima uimalize kwanza kabla hujagusa usukani, manake ukiipandisha siti baadaye ni sawa na kushusha usukani.

Ukishamaliza siti chukua ubao ulionyooka, ulaze juu ya siti uelekee mbele, uone usukani uko chini kiasi gani. Baiskeli za resi za mtumba wengi wanazinunua usukani uko chini ya siti kwa urefu wa kiganja au zaidi, zilitengenezwa kwa kijana wa mashindano. Wewe kwa sasa nataka usukani uwe sawa na siti, na kama inawezekana upande kidogo. Kwenye baiskeli za zamani usukani umeshikwa na kile chuma chenye umbo la namba 7, juu yake kuna bolti moja, nyingine ya spana 13, nyingine ya alenki namba 6. Hiyo bolti ilegeze mizunguko mitatu minne tu, usiitoe. Utaona chuma bado kimegoma, ni kwa sababu ndani kwa chini kuna kabari imejibana. Weka kipande cha mbao juu ya bolti, gonga kwa nyundo mara moja mbili, utasikia imeachia, bolti inazama. Sasa banisha tairi la mbele katikati ya magoti, zungusha usukani kushoto kulia huku ukivuta juu. Kwenye hicho chuma kuna mstari umechongwa, ukiuona umetokeza ujue umepitiliza, rudisha ndani. Kama mstari umefutika acha sentimita 7 hivi zibaki ndani. Hilo usilifanyie mchezo, chuma kikiwa kimeingia kidogo kinaweza kung'oka ukiwa kwenye mteremko. Paka grisi, nyoosha usukani na tairi, kaza, halafu banisha tena tairi kwa magoti na ujaribu kuuzungusha usukani kwa nguvu. Ukikataa kuzunguka umekaza sawa. Mwisho geuza usukani mpaka mwisho kushoto na kulia uone waya za breki hazivutiki.

Ukipandisha mpaka mwisho na bado uko chini, mwambie fundi akutafutie namba 7 ndefu zaidi ambayo shingo yake ya mbele ni fupi, itakuinua na itakusogeza karibu. Urefu wa kwenda mbele ni muhimu sawa na kimo. Kipimo changu ni hiki: ukiwa umeshika usukani viwiko viwe na mkunjo mdogo, na uweze kulegeza vidole vyote kumi bila mwili kuanguka mbele. Kama vidole vikilegea tu unadondokea usukani, umejinyoosha mno. Na kama una uwezo, mimi ningekushauri uache kabisa huo usukani wa kujikunja, uweke ulionyooka au wenye kupanda kidogo. Ila jua kabisa hiyo gharama sio ya usukani peke yake, breki za ule wa resi hazikai kwenye huu mwingine kwa sababu mabomba hayafanani unene, kwa hiyo utanunua na mikono ya breki, na gia kama ziko kwenye usukani nazo zitataka kuhamishwa. Piga hesabu na fundi kabla hujafungua kitu.

Kwa wakati huu ambao bado una usukani wa resi usishike kule chini kwenye mkunjo. Shika kwenye vishikio vya breki ukiwa kwenye magari, na sehemu ya juu iliyonyooka ukiwa barabara tupu tu, maana pale breki ziko mbali na mkono.

Tairi nalo liguse kidogo. Tairi jembamba lililojazwa upepo mpaka limekuwa jiwe linapeleka kila kokoto moja kwa moja mikononi, mabegani, shingoni. Weka tairi pana kuliko zote fremu yako inazoruhusu, na upepo upunguze. Tairi la milimita 28 kwa mtu wa kilo 75 hivi, PSI 70 mpaka 80 inatosha, hauhitaji 110. Kwenye matuta na mashimo inua makalio kidogo kwenye siti, kunja viwiko, acha mikono na miguu imeze mtikisiko.

Ganzi ya vidole nimeitenga makusudi manake watu wengi wakisikia ganzi wanasema neva imebanwa shingoni. Kidole kidogo na cha pete, mikono yote miwili, inakuja ukiendesha na inaisha ukishuka: hiyo kwa kawaida ni neva inayopita chini ya kiganja upande wa kidole kidogo, unaikandamiza kwenye usukani kwa sababu uzito wako umelalia mikono. Ukiinua usukani itapungua sana, ongeza glovu zenye sponji na badilisha mahali pa kushika kila dakika chache. Ya shingoni tabia yake ni nyingine, huwa inashuka mkono mmoja, inachoma kutoka shingoni au kwenye bega mpaka kwenye dole gumba au kidole cha kati, inazidi ukitazama juu na kugeukia upande huo, na mara nyingine mtu anapata nafuu akiweka mkono wake juu ya kichwa. Ukiiona ya namna hiyo baiskeli simamisha kwanza, nenda ukapimwe nguvu za mkono.

Na yapo ambayo hayasubiri kabisa, hayo nayasema bila kupunguza. Mikono imekuwa mizito kwa kazi ndogondogo, kufunga vifungo vya shati kunakushinda, vitu vinadondoka, miguu inayumba au imekuwa migumu unapotembea, haja ndogo au kubwa imebadilika: hapo uti wenyewe wa mgongo unaweza kuwa unabanwa, nenda hospitali ya mkoa siku hiyohiyo, huko wakiona haja watakupa rufaa ya kwenda kwa wataalamu wa uti wa mgongo kama pale MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili. Maumivu yasiyopoa hata ukilala, na homa za jioni, jasho la usiku au kupungua uzito, hayo ni ya kupimwa haraka, TB ya mifupa ya mgongo kwetu ipo. Umeanguka na baiskeli ndo shingo ikaanza, usiigeuzegeuze, kapige picha. Na kwa mtu wa presha kama wewe, kama maumivu ya shingo, taya au mkono wa kushoto yanakuja ukipanda kilima pamoja na pumzi kubana au kifua kuwa kizito, hiyo sio shingo, ni moyo mpaka daktari aseme vingine.

Kwa uliyonieleza huna hata moja kati ya hayo, kwa hiyo tufanye mazoezi. Nimechagua machache kwa sababu machache ndo yanafanyika.

La kwanza ni la mgongo wa juu. Kaa kwenye kiti ambacho mwisho wa egemeo unafika chini ya mabega, fumbata mikono nyuma ya shingo kuishikilia, egemea nyuma juu ya ukingo wa kiti taratibu huku ukitoa pumzi, rudi. Mara kumi, asubuhi na jioni. Kinachokunjwa ni mgongo, shingo imetulia ndani ya mikono.

La pili ni kuvuta kidevu nyuma. Lala chali bila mto au na mto mwembamba, kidevu kivute kama unataka kujitengenezea kidevu cha pili, kisogo kinajinyoosha, shikilia sekunde tano, legeza. Mara kumi. Hii inaamsha misuli midogo ya mbele ya shingo iliyo ndani, ambayo kwa watu wenye maumivu ya shingo ya muda mrefu mara nyingi huwa imelegea, na hiyo ndo inayogawana mzigo na ya kisogoni. Wiki mbili zikipita uongeze kuinua kichwa sentimita mbili kutoka kitandani huku kidevu kimevutwa, sekunde tano vilevile.

La tatu nenda kwa fundi baiskeli mwombe tyubu kuukuu. Ikate, uipitishe kwenye nondo za dirisha usawa wa kifua, shika ncha mbili, vuta viwiko kwenda nyuma mpaka mabapa ya mabega yakaribiane, rudisha polepole. Kumi na mbili mara tatu, siku tatu kwa wiki. Mabega yabaki chini, yakipanda masikioni punguza mvuto. Kwa kweli kama utakuwa na muda wa zoezi moja tu, fanya hili la tyubu, misuli kati ya mabega ikipata nguvu shingo inaacha kubeba kisichokuwa chake.

Kuhusu kuendesha, kanuni yangu ni kuishia kabla maumivu hayajafika. Yanakuja dakika ya ishirini, basi wiki mbili za kwanza zunguka dakika kumi na tano, siku nne kwa wiki, barabara tambarare, Pongwe iache kwanza. Ukiamka kesho yake shingo iko kama ilivyokuwa, wiki inayofuata ongeza dakika tatu mpaka tano. Ukiamka imekaza zaidi na haiachii mpaka mchana, rudi hatua moja, usisimame kabisa. Kukaza kidogo ukiwa njiani kunakoisha ukioga maji ya moto hakuna ubaya. Na njiani, kila ukipita nguzo kadhaa za umeme shusha mabega, legeza viwiko, vuta kidevu ndani mara moja, tazama kushoto na kulia pakiwa salama. Pongwe utairudia baada ya miezi miwili hivi mambo yakienda vizuri, kwa wengine inachukua zaidi, shingo ya miaka 61 inajengeka ila kwa mwendo wake.

Kola ivue mwalimu. Kuvaa mchana kutwa kwa wiki nyingi kunailegeza misuli ileile tunayoitaka iwe na nguvu. Usiku mto uwe mmoja wa kujaza nafasi kati ya bega na kichwa ukilala ubavu, usilale kifudifudi. Na simu unapoisoma iinue ije usawa wa macho.

Diclofenac naomba uwe nayo makini sana. Dawa za jamii hiyo zinapandisha presha na zinaweza kuumiza figo, hatari inakuwa kubwa zaidi kwa mtu wa umri wako anayekunywa tayari vidonge vya presha, hasa losartan au zile za kukojoza, na ukichanganya na kupoteza maji kwa jasho la Tanga ndo kabisa. Usijinunulie duka la dawa ukawa unakunywa kila siku ili uweze kuendesha. Muulize daktari wa kliniki yako ya presha, mwonyeshe na dawa zote unazotumia, wengi watakwambia anza na paracetamol kwa siku chache au ile diclofenac ya kupaka. Taulo la maji ya moto juu ya mabega dakika kumi na tano jioni linasaidia na halina madhara, ilimradi lisiwe la kuunguza ngozi.

La mwisho ni la saluni, kwa sababu najua wazee wengi wenye shingo inayouma ndo wanapokwenda. Kunyolewa sawa, kuchuliwa mabega kwa mafuta sawa, hata mimi nakuruhusu. Ila kuna ule mtindo kinyozi anashika kidevu na kisogo halafu anageuza ghafla mpaka isikike kacha, huo ukatae mapema kabla hujakaa kwenye kiti. Kwenye pingili za shingo kunapita mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo, kuigeuza shingo kwa ghafla kunaweza kuuchana mshipa na mtu akapata kiharusi, inatokea mara chache lakini hairekebishiki kirahisi. Mwambie tu, shingo yangu usiigeuze, chua mabega.